Mwenye Shimo

Barabara ni mali ya watu wote, na kwa sababu hiyo ni shida kumpata mwenyewe siku inapomdhuru mtu. Ukuta ukimwangukia mpita njia, mwenye ukuta hutafutwa akaonekana. Mbwa akimwuma mtoto, mwenye mbwa hujulikana kwa jina na kwa nyumba. Lakini shimo la barabarani halina mlango wa kubishiwa hodi wala jina la kuitwa. Limechimbwa na mvua, likapanuliwa na magurudumu, na katika wote waliopita juu yake hakuna hata mmoja aliyekusudia kulichimba. Aliyeanguka huinuka, hujipangusa matope, hutazama kulia na kushoto, kisha huilaumu bahati yake, au serikali, au macho yake mwenyewe, akaenda zake. Lawama ya namna hiyo ni nyepesi, kwa kuwa haimfikii mtu. Madai ya fidia ni jambo jingine. Madai ni lawama iliyoandikwa anwani.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, masika ya mwaka 2023, kwa kijana mwenye umri wa miaka 29, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha bodaboda. Pikipiki ilikuwa bado si yake. Ilikuwa ya mkataba, kama zilivyo nyingi: mwenye chombo hununua, mwendeshaji hupeleka hesabu, na siku ya hesabu ya mwisho chombo hubadili mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 za juma, kwa muda wa miezi 16. Alikuwa amekwisha kupeleka miezi 13 bila ya kukosa. Mkataba ulisema kwamba hesabu 7 zikikosekana mfululizo, mwenye chombo ana haki ya kukichukua, na yaliyokwisha kulipwa hayarudi. Kifungu hicho kijana alikitia sahihi upesi, kwa sababu siku ya kutia sahihi hakuna awazaye ugonjwa wala shimo.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, saa tano kasoro robo, alikuwa akirudi baada ya kumpeleka muuguzi hospitalini kwa zamu ya usiku. Mvua ilikuwa imekatika punde, na maji yalitanda juu ya lami yakang'ara kama kioo. Shimo alilijua. Kila mwendesha pikipiki wa mtaa ule alilijua. Walikuwa wamelipa jina, wakaliita Kisima, na mchana walilikwepa bila ya kufikiri, kama mtu akwepavyo nguzo ya nyumba yake gizani. Palikuwa na mtu mwema, asiyejulikana, ambaye alikuwa na desturi ya kusimika tawi la mwarobaini katikati yake liwe onyo. Usiku ule tawi lilikuwa limechukuliwa na maji, na lori lililotokea mbele lilimlazimisha kijana kushika ukingo wa kushoto. Gurudumu la mbele lilizama lote. Kijana alirushwa juu ya usukani akaangukia bega, na alipoinuka jambo la kwanza alilofanya ni kushukuru kwamba hakuwa na abiria.

Asubuhi yake fundi alitoa hukumu. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda kiasi cha kutonyooka tena. Tairi lilichanika pamoja na tyubu yake. Shokapu zote mbili zilikufa. Fedha za kununua vitu hivyo hazikuwapo, na vitu havikuuzwa kwa maneno. Pikipiki ilikaa kwa fundi siku 9 za kazi.

Mwenye chombo alikuwa mama mmoja mwuza vitenge sokoni. Kijana alimwendea siku ya tatu, kabla hajaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na ajali. Mkataba unausema nini, wajua?"

"Najua, mama. Naomba mwezi mmoja."

"Mwezi ningekupa kama kikundi kingenipa mimi mwezi. Chombo kile nilikinunua kwa mkopo, nami kila juma napeleka marejesho. Nakupa majuma matatu. Zaidi ya hayo, mwanangu, tutakuwa tunadanganyana."

Hakuwa mkatili. Alisema kweli, na kweli yake ilionyesha jambo ambalo waangaliaji wa barabara hawalioni wanapopima shimo kwa rula. Shimo lile lilikuwa na upana wa beseni. Lakini ndani yake alikuwamo kijana, nyuma ya kijana alikuwamo mama wa vitenge, na nyuma ya mama walikuwamo wanawake wa kikundi chake, ambao pengine hawakupata kupanda pikipiki maisha yao. Hasara haikai mahali ilipozaliwa. Huondoka ikapanda ngazi, mtu kwa mtu, mpaka imkute aliye mnyonge wa kuizuia.

Jirani wa kijana alikuwa mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama. Jioni alikaa barazani na kitabu au na jirani, kwa kadiri alivyojaliwa. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza neno moja:

"Umedai?"

"Nimdai nani, mzee wangu? Barabara ya serikali."

"Hapo ndipo mnapoishia wengi. Mwasema ya serikali kama mtu asemaye ya mashetani. Serikali ina ofisi, mwanangu. Ofisi ina karani. Na karani ana muhuri. Lete karatasi."

Barua iliandikwa usiku ule. Mzee alikuwa na kanuni zake, alizojifunza kwa kusoma madai ya watu wengine miaka mingi. Alitaka mahali pa ajali paonyeshwe kwa alama zisizohama: msikiti upande mmoja, nguzo ya umeme upande wa pili, hatua kadha wa kadha baina yake. Alitaka siku na saa. Alitaka picha ya shimo yenye fimbo ndani yake, ili kina kionekane. Alikataa neno la uzembe, akakataa neno la dhuluma. Ilipofika hesabu ya hasara, kijana aliuliza:

"Na maumivu je? Bega halijapona."

"Ulikwenda hospitali?"

"Sikwenda. Fedha ilikuwa ya rimu."

"Basi bega halimo."

"Na hofu je, mzee? Sasa nikiona maji barabarani mikono yatetemeka."

Mzee alinyamaza kidogo. "Hofu nayo naijua. Lakini hofu haina risiti. Andika kilicho na risiti, ili asiyetaka kukulipa asipate mahali pa kushika."

Kwa hiyo barua ilidai rimu shilingi 45,000, tairi na tyubu 40,000, shokapu 60,000, ufundi 15,000, na hesabu za siku 9 zilizopotea 90,000. Jumla ilikuwa shilingi 250,000. Mbele ya mkandarasi wa barabara fedha hiyo ni kidogo. Katika nyumba ya kijana ilikuwa kiasi cha kubadili mambo ya mwaka mzima.

Ofisi ya kwanza haikuwa ndiyo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za Tanzania katika mafungu: barabara kuu na za mikoa mbali, za wilaya mbali, na kila fungu lina wasimamizi wake. Mgawanyo huo una maana kwa mhandisi, ila lami haikuandikwa fungu lake, na mtu aangukaye usiku hawezi kujua ameangukia katika daftari la nani. Karani alitazama ramani iliyobandikwa ukutani, akafuata mstari kwa kalamu, akasema, "Hii si yetu, ndugu." Kijana alipoteza siku mbili. Ofisi ya pili iliitazama barua kwa muda mrefu, kwa sababu haikuzoea kupokea ya namna ile, halafu ikaipokea. Nakala ilipigwa muhuri wa tarehe. Mzee alipoiona nakala hiyo aliishika kwa mikono miwili, akasema kwamba kazi iliyokuwa ngumu imekwisha. Kijana hakumwelewa.

Mhandisi aliyemwita baada ya juma moja alikuwa kijana kama yeye, mwenye adabu, na alimpa kiti. Alisema mambo mawili, na yote mawili yastahili kupimwa kwa haki.

Jambo la kwanza lilikuwa fedha. Ofisi imepewa fungu la kuziba mashimo. Halikuwamo fungu la kulipa pikipiki. Kila shilingi atakayolipwa mmoja itatoka katika kokoto na lami za wengi. Je, ni haki wananchi wa mitaa kumi wakae na mashimo yao ili mmoja anunuliwe rimu? Swali hilo lina uzito, na mtu mwenye insafu halicheki. Lakini lina jibu. Sheria iliyounda Mfuko wa Barabara mwaka 1998 iliweka msingi kwamba atumiaye barabara huchangia matengenezo yake kwa tozo iliyomo katika bei ya kila lita ya mafuta. Mwendesha bodaboda hujaza mafuta kila siku ya Mungu. Hajui kama analipia barabara, maana hapewi stakabadhi ya tozo, lakini analipa. Na pengine katika mtaa mzima hakuna mtu alipaye mara nyingi kuliko yeye. Kwa hiyo hakuja ofisini kuomba sadaka kutoka katika fungu la wengine. Alikuja kama mteja aliyelipia kitu kizima akapewa kibovu.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. "Ndugu yangu," alisema mhandisi, "sisi hatukuwa na taarifa ya shimo hilo. Angetuambia mtu, tungeliziba."

Kijana alitaka kucheka, kisha akataka kulia. Shimo lenye jina! Shimo lililopandwa tawi kama kaburi! Mtaa mzima ulijua, na waliopewa kazi ya kujua hawakujua. Tena shimo halizaliwi kwa siku moja. Kwanza lami huchoka na jua na uzito, ikapasuka ufa mwembamba usiozidi unywele. Maji ya mvua huingia katika ufa, yakateremka hadi tabaka la msingi lililoshindiliwa chini, yakalilegeza. Kila gurudumu lipitalo husukuma maji hayo, nayo hutoka na chembe za udongo na mchanga, mpaka chini pakawa patupu na juu pakabaki kaka la yai. Ndipo lami huanguka vipande vipande, na shimo likiisha kupata ukingo, kila tairi hulila ukingo huo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala hawakuwa wahandisi. Baina ya ufa na Kisima palikuwa na miezi ya kutazama. Asiyejua katika muda huo aulizwe: hakujua kwa sababu jambo lilifichwa, au kwa sababu hakupita?

Swali hilo la kujua na kutojua ni la kale katika sheria, na kwa kuwa Tanzania ilirithi misingi mingi ya sheria ya Waingereza, si kupotea njia kutazama jinsi wenyewe walivyohangaika nalo. Mwaka 1788 ililetwa mahakamani Uingereza kesi ya mtu mmoja, Russell, aliyewashtaki watu wa jimbo la Devon. Gari lake la kukokotwa na farasi lilikuwa limeharibika kwa sababu ya daraja lililoachwa bila ya kutengenezwa, na wajibu wa kulitengeneza ulikuwa wa wenyeji wa jimbo. Akashindwa. Majaji walisema kwamba wenyeji hao si shirika lenye mfuko wa kulipia, na kwamba mlango huo ukifunguliwa mashtaka hayatakuwa na mwisho. Mmoja wao akaongeza, kwa maana yake, kwamba ni heri mtu mmoja apate hasara kuliko umma upate usumbufu.

Maneno hayo ya mwisho yalitawala kwa muda mrefu. Katika barabara za Uingereza ilikuwa kanuni kwamba msimamizi akichimba shimo kwa mkono wake atalipa, bali akiliacha lijichimbe kwa uvivu wake halipi. Aliyetenda vibaya alikuwa na deni. Asiyetenda hakuwa nalo. Ilichukua hadi mwaka 1961 kwa Bunge la nchi hiyo kuifuta kanuni hiyo kwa sheria, na sheria yenyewe ikaanza kazi mwaka 1964. Siku hizi Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 ya Uingereza na Wales yaweka wajibu wa kutengeneza katika kifungu cha 41, na katika kifungu cha 58 yampa msimamizi ngao: hatalipa akithibitisha kwamba alichukua hadhari yote iliyostahili. Mahakama ikiipima ngao hiyo hutazama aina ya barabara, wingi wa vyombo vipitavyo, na pia hili: kama msimamizi alijua, au angetazamiwa kujua, kwamba mahali pale pana hatari. Angalia neno la pili. Haitoshi kusema sikujua. Huulizwa tena: ulipaswa kujua?

Mji wa New York ulishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1979 ilisema kwamba mji hautalipa kwa shimo la barabara au ubovu wa njia ya waendao kwa miguu, isipokuwa ulikuwa umepewa taarifa ya maandishi kabla ya ajali, na siku 15 zikapita bila ya matengenezo. Ilidhaniwa kwamba madai yatakwisha, kwa kuwa ni nani aendaye kuandika barua juu ya jiwe lililoinuka ambalo halijamkwaa bado? Lakini mwaka 1982 mawakili wa mji huo waliunda shirika, wakatuma watu watembee mtaa kwa mtaa, wakachora ramani za kasoro za njia za miguu kwa alama ndogo ndogo, wakazipeleka ofisini na kupewa stakabadhi ya kupokelewa. Yaweza kusemwa kwamba walifanya hivyo kwa kupenda ada zao. Ni kweli. Lakini walielewa kitu ambacho waathirika hawakukielewa: kwamba ujuzi wa mtaa si ujuzi wa ofisi mpaka uandikwe, upelekwe, na upigwe muhuri.

Hapo ndipo yalipokuwa maana ya maneno ya mzee juu ya nakala ile. Tawi la mwarobaini lilikuwa barua iliyoandikwa kwa wapitao, si kwa wenye kuziba. Lilikuwa tendo la wema, na liliokoa magoti mengi. Lakini kila liliposimikwa upya, watu walizidi kuzoea kuishi na shimo. Jirani aliyesimika tawi aliwahurumia wenziwe wote, akamsamehe mmoja ambaye hakupaswa kusamehewa.

Jibu lilikuja siku ya 41. Ofisi ilimpa kijana pole kwa ajali yake. Ilisema kwamba shimo limekwisha kuzibwa, jambo lililokuwa kweli. Watu walikuja na mapipa ya lami siku 6 baada ya barua kupokelewa, wakamaliza kabla ya adhuhuri kazi iliyongojwa tangu vuli. Ilisema pia kwamba, kwa kuwa hapakuwa na taarifa yoyote kabla ya ajali, ofisi haioni msingi wa kumlipa.

Njia ya mahakama ilibaki wazi, kwa namna ya mlango ulio juu ya ngazi. Sheria ya Tanzania juu ya mashauri dhidi ya serikali yataka mdai atoe kwanza ilani ya siku 90, aeleze msingi wa madai yake, na nakala impelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na mabadiliko ya mwaka 2020 yalitia wazi wakala za serikali na mamlaka za mitaa katika hifadhi hiyo. Siku 90 zina hekima yake: huipa ofisi nafasi ya kuchunguza na kupatana bila ya ugomvi. Lakini mama wa vitenge alitoa majuma matatu, na majuma matatu ni siku 21. Mtu wa hesabu ya kila siku hawezi kungoja haki iendayo kwa miezi. Hata kama mwisho wake ni ushindi, ushindi utamkuta amekwisha kuwa mtu mwingine.

Basi fedha ilitoka wapi? Wenziwe wa kijiweni walichanga, na mchango wao ulitosha tairi, tyubu na ufundi. Yaliyobaki yalitoka katika cherehani ya mkewe, iliyouzwa kwa shilingi 200,000. Pikipiki ilirudi barabarani, mama wa vitenge akapata hesabu zake kabla ya majuma matatu kwisha, mkataba haukuvunjika. Kwa mtazamaji wa mbali mambo yalikwisha vizuri. Umma haukupata usumbufu wowote. Ila ndani ya chumba kimoja mwanamke aliyekuwa akishona sare za shule aliacha kushona, na watu waliozoea kuleta vitambaa walisimama mlangoni wakaambiwa waende kwingine.

Maneno ya jaji wa mwaka 1788 yapimwe kwa cherehani hiyo. Alilinganisha mtu mmoja na umma, akauona umma ni mzito. Lakini umma aliouweka katika mizani ulikuwa jina tu, na mtu mmoja aliyemweka upande wa pili alikuwa na mke, na mke alikuwa na wateja, na wateja walikuwa na watoto waliotaka sare. Huyo si mmoja. Aliyeanguka shimoni ni umma vilevile, umma uliochaguliwa kwa bahati mbaya ulipe peke yake gharama ya kitu ambacho wote walikiacha. Fidia haiupi mtu mmoja mali ya wengi. Inawarudishia wengi mzigo uliomwangukia mmoja. Tena inafanya kazi ya pili, ambayo mhandisi yule hakuihesabu alipolalamikia fungu lake dogo. Ofisi isiyolipa chochote kwa shimo lililoachwa haina daftari la kuionyesha kwamba kuacha kuna bei. Bei ipo, lakini imeandikwa katika madaftari ya watu wengine.

Mkewe hakulaumu. Alisema neno moja tu, usiku, alipokuwa akikunja kitambaa kilichobaki: "Ile barua ilikuwa ya nini, basi?"

Kijana hakuwa na jibu, akampelekea mzee swali lile lile. Mzee hakujitetea. Alikubali kwamba barua haikuleta rimu wala cherehani. Kisha akatoa daftari jipya la kurasa 96, akaandika juu yake neno Mashimo, akampa.

"Wewe umedai baada ya kuanguka," alisema. "Wakakujibu kwamba hawakujua. Jibu hilo halali kwao mara moja tu kwa kila shimo. Nendeni mkawanyang'anye."

Tangu hapo waendesha pikipiki wa kijiwe kile walikuwa na kazi ya Jumapili. Wawili walizunguka mitaa, wakapima kwa fimbo, wakapiga picha kwa simu, wakaandika mahali na tarehe. Na Jumatatu barua ilipelekwa, nakala ikapigwa muhuri, ikabandikwa daftarini. Karani wa ofisi alianza kuwajua kwa majina. Hakuwachukia; mara moja aliwaambia kwamba orodha yao ilimsaidia mhandisi kuomba fungu, kwa sababu shimo lenye tarehe ni rahisi kuliombea fedha kuliko shimo la maneno. Mashimo mengine yalizibwa, mengine hayakuzibwa.

Moja ambalo halikuzibwa lilikuwa karibu na soko. Barua yake ilipokelewa mwezi wa Juni. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule lilimwangusha mwendeshaji mwingine, mtu mzima wa miaka 50 na zaidi, likapinda rimu yake na kuvunja taa. Mzee aliandika madai kwa kanuni zile zile, akaambatisha nakala yenye muhuri wa Juni, na safari hii akaandaa na ilani ya siku 90 ipelekwe kila inakotakiwa. Jibu halikuja kwa barua. Mdai aliitwa mezani, akaulizwa stakabadhi za fundi, akaulizwa kama atakubali rimu na taa bila ya hesabu za siku zilizopotea. Mwaka ulikwisha jalada likiwa bado wazi, na hakuna aliyejua kama fedha itatoka. Lakini katika mazungumzo yote hakuna aliyemwambia kwamba ofisi haikuwa na taarifa. Swali lilikuwa limehama kutoka kujua kwenda katika kiasi. Na huko kuhama ndiko kulikonunuliwa kwa cherehani.

Je, ni bei ya haki? Si ya haki. Mtu mmoja hakupaswa kutoa mashine ya mkewe ili ofisi ifundishwe kusoma barabara yake. Walakini haki za namna hii aghalabu hazishuki zikiwa nzima; huja kipande kipande, na vipande vya kwanza hulipiwa na wale ambao hawatakula. Kijana alilijua hilo, wala halikumfurahisha. Alimaliza mkataba wake mwezi wa Agosti, pikipiki ikawa yake, akaanza kuweka shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya cherehani nyingine.

Mahali palipokuwa Kisima pana kiraka, cheusi kuliko lami iliyokizunguka, imara kwa kukanyaga. Waendesha pikipiki wengi hupita juu yake. Yeye bado hukikwepa kwa mazoea, mvua iwapo au isiwepo. Na karibu na ukingo, kila apitapo, hutazama kama pana ufa.